Damu ya mke wangu ilitoa onyo kabla ya chemo ya kwanza: yaliyotukuta hapa Kigali

Wakuu, habari za jioni.

Humu mimi ni msomaji wa kimya. Napita kwenye nyuzi za magari na mpira, nacheka, naondoka. Leo nimeona niandike.

Ninachosimulia kimetukuta mimi na mke wangu. Nimemwomba ruhusa kwanza, na sasa hivi amekaa pembeni yangu anasoma kila aya ninayomaliza. Hata nikitaka kutia chumvi sitaweza, atanikata jicho.

Kidogo kuhusu sisi ili twende pamoja.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Kahama, niko Kigali kikazi. Kampuni yetu inasafirisha mizigo, ofisi iko Kacyiru, nyumbani ni Kabuga. Mke wangu tumwite Zaituni. Ni Mnyarwanda, Mwislamu wa Nyamirambo, ambaye babu yake alikuja na biashara ya vitambaa kutoka pwani, akaoa huku na hakurudi tena.

Zaituni ni fundi cherehani. Ana kibanda chake hapa Kabuga, na wateja wanaomfuata kutoka mjini kabisa kwa ajili ya magauni ya harusi.

Kiswahili chake ni cha huku. Neno "iko" linafanya kazi zote. Nilipomuoa nilidhani nitamrekebisha, matokeo yake nikienda Kahama ndugu zangu wananiuliza mimi nimepatwa na nini.

Turudi kwenye mada.

Ilianza na tumbo. Likawa linajaa, nguo zinabana, chakula kidogo tu ameshiba. Tukasema gesi. Majirani wakasema mimba, wakaanza na kutupongeza. Zaituni mwenyewe akawa anajitanulia magauni kimya kimya.

Tulipokuja kwenda hospitali, picha na vipimo vikasema ni saratani ya ovari.

Sitaelezea siku ile. Waliopitia wanajua, na wasiopitia Mungu awaepushe.

Mpango ukawa hivi: chemo kwanza, yaani dawa kali za saratani, ili kuupunguza uvimbe, kisha upasuaji, halafu chemo ya kumalizia.

Sasa ndipo tulipokutana na dokta wa saratani. Mama mmoja mwembamba, anaongea polepole. Akiwa na Zaituni anaongea Kinyarwanda, akinigeukia mimi anaweka Kiswahili.

Kabla ya chemo yoyote walichukua damu. Kipimo cha kawaida kabisa, kile cha kuhesabu chembe za damu ambacho hata ukiwa na malaria unapimwa. Vichupa vidogo, vinajaa kabla hujamaliza kukunja uso.

Tuliporudi kwa majibu, mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye saratani. Atapona? Nywele zitatoka? Tutapata mtoto?

Dokta akajibu yote hayo. Halafu akamwangalia Zaituni miguu.

Akasema, "Kuna kitu kingine nataka mukijue. Damu yako iko na haraka ya kuganda."

Mimi nikamwuliza, "Damu yenyewe inaumwa?"

"Hapana. Lakini kuna alama. Nikiziweka pamoja, zinanifanya nikuangalie kwa karibu."

Akatufafanulia. Nitajaribu kuwaeleza nilivyoelewa mimi mtu wa mizigo, madokta humu mtanisahihisha.

Saratani yenyewe huwa inaifanya damu iwe nyepesi kuganda. Baadhi ya saratani zaidi ya nyingine, na ya ovari ni mojawapo ya zile za kuangaliwa. Chemo nayo inaongeza. Mgonjwa akikaa au kulala muda mrefu, inaongezeka tena, na mara nyingi damu inagandia mguuni, ikawa donge ndani ya mshipa.

Halafu kuna zile chembe ndogo zinazoziba kidonda ukijikata, platelets. Za Zaituni zilikuwa juu kuliko kawaida. Wingi wa damu, hemoglobini, ulikuwa chini. Wanaangalia pia chembe nyeupe, na uzito wa mtu. Wanajumlisha vyote, wanajua mgonjwa huyu yuko kundi gani.

Zaituni alikuwa kwenye kundi la hatari kubwa.

Wakuu, nikiwa pale nilibaki nashangaa. Mguu wa mke wangu hauumi. Hauna uvimbe. Anatembea vizuri, amepanda ngazi mwenyewe. Na huyu mama kwa tone la damu la kawaida anaona kitu ambacho hakijatokea!

Nikamwambia, "Dokta, kwa hiyo itatokea?"

"Sisemi itatokea. Wengi wenye alama kama hizi haiwatokei. Wengine wasio nazo inawatokea. Nasema tu, yeye tumuangalie sana kuliko mwingine."

Nikauliza mbona asipewe dawa ya kuzuia mapema. Akasema hilo amelifikiria. Shida ni kwamba Zaituni aliwahi kuwa na vidonda vya tumbo vikavuja damu hadi akalazwa. Ukimpa dawa ya kulainisha damu mtu kama huyo, unaweza kumkinga na donge ukamfungulia kutoka damu. Akapima, akaona kwa wakati ule asimpe. Atatufundisha dalili, na damu atairudia kila tunapokuja.

Dalili alizisema taratibu, tena kwa lugha zote mbili:

Mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake. Kuuma kwenye misuli ya nyuma, kuwa wa moto, kubadilika rangi. Kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, kukohoa damu.

"Ikitokea mojawapo, musingoje. Na ule mguu musiukande."

Nilishika hilo la mwisho kwa sababu lilinishangaza. Kwetu maumivu yote dawa yake ya kwanza ni kukandwa.

Mtu ambaye hakuwepo siku hiyo ni mama mkwe wangu. Naomba mumkumbuke hivyo, hakuwepo, asije mtu akamlaumu.

Chemo ikaanza. Mama mkwe akahama Nyamirambo akaja kukaa nasi.

Wakuu, huyu mama ni wa kipekee. Maisha yake yote amekuwa akikanda watu. Wanawake waliojifungua, wazee wenye migongo, wachezaji wa mtaani walioteguka. Nyamirambo wanamjua kwa mikono yake. Zaituni akitapika yeye anamshika mgongo, mguu ukifa ganzi anaufunika, uji ukikataliwa anaupika upya na ndimu.

Mzunguko wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Nywele zikaenda. Zaituni akajishonea vilemba vya kitenge, vizuri hadi wateja wakataka na wao.

Maana hakuacha kazi. Siku akipata nguvu anakaa kwenye cherehani, ile ya kukanyaga kwa mguu. Tulimwambia apumzike, akatujibu kwamba akilala anasikia ugonjwa, akishona hausikii.

Samahani wakuu, nilikatika kidogo, mwenyewe kaniambia niweke sawa. Anasema hakusema "hausikii", alisema "inanyamaza". Chukueni hilo lake.

Sasa ikafika Jumamosi ya umuganda.

Kwa wasiojua, hapa Rwanda Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi watu wote mnatoka kufanya kazi ya pamoja mtaani. Kufyeka, kuzibua mitaro, kupanda miti. Maduka yamefungwa, barabara nyeupe, magari hayatembei isipokuwa yenye dharura.

Mimi nilikuwa kwenye mtaro na jembe, matope hadi magotini. Nyumbani wamebaki Zaituni na mama yake.

Simu ikaita. Mama mkwe.

"Mukwe wangu, yale mafuta ya karafuu uliweka wapi?"

Nikamwambia yako kabatini juu, nyuma ya chai. Nikataka kukata. Sijui ni nini kilinifanya niulize, "Ya nini, mama?"

"Huyu mutoto mguu inamuuma tangu jana, alificha. Imevimba sana. Nataka nimukande mbele ya iwe mbaya."

Nikaacha kuchimba.

"Mguu mmoja au yote?"

"Moja. Ya kushoto."

"Mama, tafadhali usiuguse."



Muelewe ugumu wake. Huyu ni mama mkwe. Mimi hata chakula chake sijawahi kusema hakina chumvi. Na namkataza kitu ambacho ndicho anachokijua kuliko watu wote, tena kwa mtoto wake wa kumzaa.

"Nisimuguse mutoto wangu?"

"Mama, nakuomba kwa heshima yote. Dokta alikataza. Naja sasa hivi. Mwache alale hivyo hivyo."

Nilitupa jembe. Nilikimbia na matope yangu.

Nilipofika nikawakuta sebuleni. Zaituni kwenye mkeka, mguu umenyooshwa juu ya mto. Mama yake amekaa mbele yake, mafuta tayari kwenye kiganja, mikono ameiinua hewani. Alikuwa ameniitikia, lakini mikono hajui aipeleke wapi. Yale mafuta yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye viwiko.

Nikapiga magoti nikaulinganisha na mwenzake.

Wa kulia ni mguu wa mke wangu ninaoujua. Wa kushoto ulikuwa wa mtu mwingine. Umejaa, ngozi inang'aa, rangi imeiva. Nikaweka mgongo wa mkono bila kubonyeza, moto.

"Mbona hukusema tangu jana?"

"Ni cherehani," akasema. "Nilikanyaga sana. Ni... ni uchovu tu."

Lile "ni" la mwisho ndilo lililonimaliza. Alivuta pumzi katikati ya sentensi. Mtu aliyelala mkekani, hajafanya kitu, anakatika pumzi kama aliyepanda mlima.

Nikamwuliza kama kifua kinauma. Akatikisa kichwa kukataa, halafu akasema kinachoma kidogo akivuta hewa sana.

Hapo nikamkumbuka dokta neno kwa neno.

Usafiri sasa. Moto, zile pikipiki za abiria, hakuna, basi hakuna, ni umuganda. Nikapiga namba ya dharura, wakapokea, wakasema gari la wagonjwa linakuja ila lililo karibu limetoka na mgonjwa. Nikatoka nje nikamwona mkuu wa mudugudu, kiongozi wetu wa mtaa, anasimamia watu pale mtaroni. Ana pikapu yake. Sikumaliza hata kueleza.

"Muganga alisema nini?" akaniuliza.

"Alisema tusingoje."

"Basi tunangoja nini?"

Akawapigia wale wa dharura kuwaambia tunakuja wenyewe. Wale majirani waliokuwa kwenye mtaro wakaacha majembe, wakambeba Zaituni pamoja na mkeka wake, wakamlaza kiti cha nyuma kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Hakuna aliyemruhusu akanyage chini. Wanaume wenye matope, wanambeba kama yai.

Njiani askari walitusimamisha. Mmoja akachungulia nyuma, akamwona Zaituni na kilemba chake, akasogea pembeni na kunyoosha mkono tupite. Akawasiliana na wenzake wa mbele. Baada ya hapo hatukusimamishwa tena.

Nimepita barabara ile ya Kabuga kwenda mjini kila siku ya kazi, foleni, honi, moto zinachomoka kulia na kushoto. Siku ile ilikuwa tupu, milima pande zote, sisi peke yetu. Nyuma nasikia mama mkwe anasoma dua, na kila akinyamaza nasikia pumzi ya Zaituni, fupi fupi. Nikawa nageuka kuhakikisha naisikia.

Hospitalini nilisema sentensi moja tu mlangoni: "Ana saratani, yuko kwenye chemo, mguu mmoja umevimba na anakosa pumzi."

Walikimbia naye.

Sasa wakuu, hapa ndipo nataka mnisikilize.

Wakampeleka kwenye ultrasound, kile kipimo cha kupaka jeli na kutazama kwenye skrini. Tuliruhusiwa kusimama pembeni, mimi na mama mkwe. Yule mtaalamu alikuwa kijana mchangamfu, akawa anatueleza huku anafanya.

Akaanza na ule mguu mzima, wa kulia. Akatuonyesha mshipa, kiduara cheusi. Akabonyeza kidogo na kile kifaa. Kile kiduara kikafunga, kama mdomo wa mtoto aliyeshiba. Akiachia, kinafunguka.

"Hii ni nzuri. Damu inapita, mshipa unabonyea."

Akahamia wa kushoto. Kiduara. Akabonyeza.

Hakikufunga.

Akabonyeza pengine. Hakikufunga. Akapanda juu hadi pajani, kila mahali mshipa umebaki umeduwaa, umejaa kitu ndani.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama mkwe alinishika mkono kwa nguvu, kiganja chake bado kina mafuta.

CT scan ya kifua ikaonyesha kwamba vipande vidogo vilikuwa tayari vimesafiri hadi kwenye mapafu. Vidogo, lakini vimefika. Na kule kwenye paja donge kubwa lilikuwa bado limekaa.

Nikamwuliza daktari wa zamu, je, ule mguu ungekandwa ingekuwaje? Akajibu hawezi kujua kwa hakika, ila donge kama lile likisukumwa linaweza kung'oka na kupanda, na likiziba njia kubwa ya mapafu mtu anaondoka kwa dakika.

Mama mkwe alisikia. Alitoka nje, akakaa kwenye benchi la korido.

Nilipomfuata nikamkuta anaitazama mikono yake.

"Ningemuua, mukwe wangu. Na hii. Na hii mikono inamupenda."

Nilikaa naye. Baadaye nikamwambia ukweli wangu, kwamba mimi ndiye niliyesikia maneno ya dokta na nisingekuwa nimeyasikia, mafuta ningeyaleta mwenyewe mbio.

Zaituni akaanzishiwa sindano za kulainisha damu, zile za kuchomwa tumboni, pamoja na dawa ya kulinda tumbo kwa sababu ya vile vidonda vya zamani. Walimlaza, wakawa wanamwangalia kwa karibu asije akavuja damu. Hakuvuja.

Yule dokta wetu wa saratani alikuja mwenyewe wodini. Akamwambia Zaituni, "Hii ndiyo niliyokuwa naogopa." Hakusema kwa kujisifu. Alionekana amechoka, na alimshika mguu ule mzima kwanza, halafu mbovu, kwa ncha za vidole.

Nikamwuliza kuhusu kipimo kingine nilichokisoma mtandaoni, D-dimer, kama kingetuambia mapema. Akasema kipo na kinasaidia, lakini kwa mwenye saratani kinaweza kupanda hata bila donge, kwa hiyo hakitazamwi peke yake. Akasema na zile alama za damu pia ni hivyo hivyo. Zinakuambia nani umwangalie, kazi ya kuangalia inabaki kwa watu.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale. Akauliza kwa Kinyarwanda, na Zaituni akanitafsiria: alitaka kujua mikono yake isiyoruhusiwa kukanda ifanye nini.

Dokta akafikiri. Akachukua utepe wa kupimia, akamwonyesha namna ya kupima unene wa miguu yote miwili, sehemu ile ile, kila asubuhi. Ukiongezeka, simu.

Tangu siku hiyo hakuna asubuhi iliyopita bila yule mama kupiga magoti mbele ya miguu ya mwanaye.

Na sindano zile? Manesi walitaka kumfundisha mtu wa nyumbani. Zaituni akasema, "Leteni, sindano iko kazi yangu." Akawa anajichoma mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nageukia ukutani.

Pumzi ikarudi taratibu. Mguu ukapungua, ingawa haujawahi kuwa sawa kabisa na mwenzake. Upasuaji ukasogezwa mbele kidogo ili damu itulie, ukafanyika, ukaenda vizuri. Chemo za kumalizia akazimaliza. Sasa hivi yuko kwenye vidonge vya kulainisha damu na anafuatiliwa.

Sitawadanganya kwamba tumeshinda vita. Saratani ni saratani, na bado tunaenda kuchukua majibu. Lakini nywele zimeota, fupi, laini, zimejikunja tofauti na za mwanzo. Na mchana huu amenigombeza kwa kuacha taulo kitandani. Nimesikiliza ugomvi wote hadi mwisho, pumzi haikukatika hata mara moja.

Bado nashangaa, wakuu. Mwenzako unalala naye, unakula naye, na damu inayozunguka ndani yake inajua jambo ambalo yeye mwenyewe halijui, na imeliandika kwenye tone dogo hadi aje mtu aliyesomea kulisoma. Na kumbe huyo mtu akishalisoma anakuachia wewe mwenye jembe, na mkuu wa mudugudu, na askari wa barabarani, mlimalizie.

Nilichojifunza.

Kama una mgonjwa anayeanza chemo, muulize dokta wake waziwazi: hatari yake ya damu kuganda ikoje, na kwa damu yake unaona nini? Usione aibu. Ni swali la kawaida kabisa.

Kila mtu wa nyumbani ajue dalili, siyo yule mmoja anayempeleka kliniki tu. Hapo sisi tulipungukiwa.

Mguu mmoja ukivimba, usikandwe, usichuliwe, usipakwe mafuta ya moto. Pumzi ikikatika, ondoka na mgonjwa saa hiyo hiyo.

Na tafadhali sana msikimbilie kununua dawa za kulainisha damu wenyewe dukani. Mmeona jinsi dokta alivyopima pande mbili. Kwa mwingine dawa hiyo hiyo ni hatari.

Mimi si mtaalamu, nimesimulia yaliyotukuta. Madokta na manesi mliomo humu, njooni mnisahihishe nilipokosea. Na wenye wagonjwa wenu, kabla hamjaandika chochote hapa chini, nendeni kwanza mkawaombe wapandishe nguo hadi magotini. Itazameni miguu yote miwili, kwa pamoja, kwenye mwanga. Halafu rudini mtuambie mmeona nini.